Barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba: katuni si chambo

Kwa wakurugenzi wa maktaba za umma, wakuu wa shule zenye maktaba, kamati za kuchagua vitabu, na wote wenye kauli ya mwisho juu ya bajeti ya ununuzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu vitabu vya katuni, manga (katuni za Kijapani), riwaya za picha na ndugu zao wote. Sina haja ya kuwashawishi kwamba zinasomwa. Takwimu za uazimaji mnazo wenyewe, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye dawati la mbele anajua ni vitabu gani vinarudishwa jioni na kuondoka tena kesho yake asubuhi. Ninachotaka tuzungumze ni sababu mnazozitoa mnapoidhinisha ununuzi wake, kwa kuwa naona sababu hizo ndizo zinazoharibu kazi tangu mwanzo.

Sababu yenyewe mnaijua, maana ninyi ndio mnaoitamka: tuwape vijana katuni, wakishazoea kuja maktaba watahamia kwenye vitabu vyenyewe. Nimeisikia vikaoni, nimeisoma kwenye maombi ya fedha, na sikatai kwamba mara kadhaa imefungua mkoba uliokuwa umefungwa. Lakini hiyo ni hoja ya chambo, na hakuna mvuvi anayehangaika na hali ya chambo baada ya samaki kunasa. Ndiyo maana tunanunua mfululizo nusu. Ndiyo maana juzuu iliyochanika haipati mbadala. Ndiyo maana kila kitu chenye michoro kinasukumwa chumba cha watoto, na siku mzazi mmoja anapokuja amekasirika, hakuna hata mmoja miongoni mwetu anayesimama kukitetea. Tungewezaje kukitetea, ikiwa tangu mwanzo tulikubaliana kwamba hakina thamani yake chenyewe?

Nianze na dhana kwamba msomaji wa katuni anasoma nusu nusu. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donald Hayes na Margaret Ahrens, walichapisha hesabu ya maneno adimu katika aina mbalimbali za maandishi na mazungumzo ya Kiingereza. Vitabu vya watoto vilikuwa na maneno adimu 30.9 katika kila maneno 1,000. Vitabu vya watu wazima vilikuwa na 52.7. Vitabu vya katuni, 53.5. Mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliosoma chuo kikuu hayakufika hata 18. Bila shaka hii haina maana kwamba kila katuni ni hazina ya msamiati. Zipo zenye maneno machache kuliko bango la barabarani, na zipo zisizo na neno hata moja tangu jalada hadi jalada.

Na hizo zisizo na neno ndizo zinazonifanya nisitake kuegemea hesabu hiyo sana. Nikiitetea katuni kwa wingi wa maneno yake, nitakuwa nimekubali ipimwe kwa kipimo cha kitabu kingine. Chukueni ukurasa wa fremu mbili. Katika ya kwanza, mama ameshika simu sikioni, uso umegeukia dirishani. Katika ya pili, kiti kitupu na simu inaning'inia kwa waya wake. Kilichotokea katikati hakikuchorwa wala hakikuandikwa. Msomaji ndiye anayekijaza, na ili akijaze lazima asome uso, mkao, mwanga, umbali na ukubwa wa fremu, kisha arudi nyuma kuhakikisha hakukosea. Scott McCloud alieleza kazi hii ya msomaji kwa kirefu mwaka 1993, tena ndani ya kitabu ambacho chenyewe ni katuni. Mtoto wa miaka tisa anaifanya bila kufundishwa. Mtu mzima aliyezoea maandishi matupu huruka michoro, akafuata viputo vya maneno peke yake, akamaliza kitabu kwa robo saa na kusema hakina kitu. Wengi wa wanaoketi kwenye kamati zetu husoma hivyo, na ndio wanaoamua.

Tuzo kubwa za uandishi za Marekani nazo zimekwisha kusema. Maus ya Art Spiegelman ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Juzuu ya tatu ya March, kumbukumbu za mwanaharakati na mbunge John Lewis, ilitwaa National Book Award ya vitabu vya vijana mwaka 2016. New Kid ya Jerry Craft ilipata nishani ya Newbery mwaka 2020. Nazitaja kwa haraka na kuendelea, maana orodha ya tuzo imekuwa kisingizio kingine: kamati inanunua vile vitabu vitano vilivyoshinda, inaandika kwenye ripoti kwamba katuni zimeshughulikiwa, na faili linafungwa.

Sasa tufike rafuni, ambako madhara ya hoja ya chambo yanaonekana kwa macho.

Manga ndefu huweza kuchukua miongo. One Piece ilifikisha juzuu ya 100 mwaka 2021 na haikuishia hapo. Maktaba inanunua juzuu ya kwanza hadi ya nne za mfululizo kama huo. Fedha za mwaka zinaisha. Mwaka unaofuata mnunuzi anaambiwa alete vitu vipya, kwa hiyo ananunua juzuu za kwanza za mfululizo mwingine, na mwingine. Baada ya miaka michache tunakuwa na rafu iliyojaa mianzo. Kijana anakuja kuulizia ya tano, anajibiwa haipo. Anauliza itakuja lini, na anayejibu anatazama pembeni kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu hakuna aliyepanga. Kijana huyo hataacha kusoma. Atakwenda kuisoma kwenye simu, kwenye kurasa zilizopigwa picha kwa wizi na kutafsiriwa ovyo, kutafuta mwisho wa hadithi ambayo sisi ndio tuliyomwanzishia.

Dawa yake wala haihitaji fedha nyingi zaidi, inataka kupanga. Kabla ya kuagiza, ulizeni maswali mawili: mfululizo huu umeisha, au bado unatoka? Una juzuu ngapi? Ipo mifululizo mizuri mno inayokamilika kwa juzuu tatu, sita, kumi. Mitatu iliyokamilika ina faida kuliko kumi iliyokatwa vichwa. Kwa ile mirefu isiyokwepeka, matawi yagawane: tawi hili libebe mfululizo mmoja wote, lile libebe mwingine, na vitabu vizunguke kwa maombi. Na tengeni fungu dogo la kila mwaka kwa ajili ya juzuu ya kwanza peke yake, maana ndiyo inayoazimwa na kila anayeanza, na ndiyo inayokufa mapema. Mfululizo uliopoteza juzuu ya kwanza umekufa wote, hata kama nyingine kumi na tisa ziko safi rafuni.

Hapo hapo, neno dogo kuhusu ukarabati. Katuni nyingi zenye jalada laini zimeshikwa kwa gundi, na gundi haikubuniwa kwa ajili ya mikono mia mbili. Tunapozipeleka kushonwa upya, fundi hukata ukingo wa ndani ili apate pa kupitisha uzi. Kwa riwaya ya maneno hilo si tatizo, kwani ukingo huo ni mtupu. Kwenye katuni, mchoro mara nyingi unavuka kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili, na fundi anakuwa amekata uso wa mtu. Bora kuimarisha jalada kwa karatasi ya plastiki kabla kitabu hakijatoka kuazimwa hata mara moja. Na tafadhali, lebo ya maktaba isibandikwe juu ya namba ya juzuu mgongoni. Nimeona rafu nzima ya vitabu ishirini na nne vinavyofanana, namba zote zimefunikwa kwa lebo zilizonyooka vizuri kabisa, kazi ya mtu makini asiyewahi kusoma hata kimoja.

Kuhusu mahali pa kuviweka, mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, hutupa katuni zote kwenye 741.5, ndani ya sanaa ya uchoraji. Ukiifuata namba hiyo bila kufikiri, kumbukumbu za mfungwa wa vita zinakaa bega kwa bega na sungura anayeendesha baiskeli. Maktaba nyingine huzichanganya katuni za kubuni na riwaya, kwa jina la mwandishi, jambo linalomshinda msomaji kwa sababu mfululizo mmoja unaweza kuwa na waandishi watano na wachoraji kumi na mmoja. Wasomaji wa katuni hutafuta kwa jina la mfululizo. Wapangieni hivyo. Lakini kabla ya hapo gawanyeni kwa umri: watoto, vijana, watu wazima, rafu tatu zilizo mahali tofauti. Japani wachapishaji wenyewe hufanya mgawanyo huo tangu kwenye majarida ambamo manga hutokea mara ya kwanza, kuna ya wavulana, ya wasichana, ya wanaume wazima, ya wanawake wazima. Kazi nusu imekwisha kufanywa. Inabaki mtu wa kuisoma hiyo alama na kuiheshimu.

Nasisitiza hili kwa sababu ugomvi mwingi ninaoujua ulianzia kwenye rafu, haukuanzia kwenye kitabu. Katika maktaba moja ambayo sitaitaja, agizo lilitoka kwamba vitabu vyote vya picha viende chumba cha watoto. Kimojawapo kilikuwa simulizi ya vita yenye maiti mitaroni, kazi nzito na nzuri iliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima. Mama mmoja akamkuta binti yake wa darasa la pili amekishika. Mama yule alikuwa na haki ya kukasirika. Hatua iliyochukuliwa ikawa kuhamishia stoo katuni zote, pamoja na yule sungura wa baiskeli, na hazikurudi. Aliyetoa agizo la kwanza hakuulizwa kitu.

Malalamiko dhidi ya katuni yana tabia yake. Ili kulalamikia riwaya ya kurasa mia nne, lazima mtu aifungue, asome, atafute mahali. Mchoro unapigwa picha kwa sekunde moja, unasambazwa bila ukurasa wa kabla wala wa baada yake, na jioni hiyo hiyo watu elfu moja wana hasira juu ya kitabu ambacho hawajawahi kukigusa. Haishangazi kwamba orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi iliongozwa miaka mitatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, na Gender Queer ya Maia Kobabe, kumbukumbu ya maisha iliyochorwa. Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti ya McMinn, jimbo la Tennessee, ilipiga kura kumi kwa sifuri kuiondoa Maus kwenye mtaala wa darasa la nane, kwa sababu ya matusi machache na mchoro mmoja wa mtu aliye uchi. Ni kitabu kuhusu mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Siku chache baadaye kilikuwa miongoni mwa vitabu vinavyouzwa zaidi nchini humo.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Matsue, mji wa Japani, kwa sababu unaonyesha penye ufa. Hadashi no Gen, manga ya Keiji Nakazawa, inasimulia maisha ya mtoto aliyenusurika bomu la Hiroshima, na Nakazawa aliyajua hayo kwa mwili wake. Alikuwa na umri wa miaka sita siku ile. Desemba 2012, mwezi uleule aliofariki, ofisi ya elimu ya mji iliziomba shule za msingi na za kati zikiondoe kitabu hicho kwenye rafu za wazi, kisipatikane ila kwa ruhusa ya mwalimu, kwa kuwa baadhi ya michoro ya ukatili ni mikali mno. Habari ilipojulikana mwaka uliofuata, kelele zikawa kubwa. Agosti 2013 bodi ya elimu ya mji ikalifuta ombi lile. Na sababu iliyotolewa haikuwa ubora wa kitabu wala uhuru wa kusoma. Watendaji walikuwa wametoa ombi bila kulifikisha mbele ya bodi. Utaratibu haukufuatwa. Basi.

Wapo walioona sababu hiyo ni ya kikarani mno. Mimi naona ndiyo iliyokiokoa kitabu. Ubishi kuhusu ladha hauna mwisho, lakini swali la nani ana mamlaka ya kuondoa kitabu, na kwa hatua zipi, lina jibu, ikiwa mtu aliliandika mapema. Fungueni sera zenu za uchaguzi wa vitabu mtafute mahali katuni zilipotajwa. Mara nyingi hamtapata. Asiyekuwapo na lake halipo. Siku ya malalamiko mtakuwa hamna cha kushika zaidi ya hisia zenu dhidi ya hisia za aliyekuja.

Hofu hii ina historia, na ni vizuri anayeamua aijue. Mwishoni mwa miaka ya 1940 katuni zilichomwa moto hadharani katika miji kadhaa ya Marekani, na mara nyingi waliozikusanya ni watoto wa shule wakiongozwa na walimu. Ufaransa ilitunga sheria ya kudhibiti machapisho ya vijana mwaka 1949, Uingereza yake mwaka 1955. Katikati yake, mwaka 1954, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinazalisha wahalifu, Seneti ya nchi hiyo ikaketi kusikiliza, na wachapishaji kwa woga wakajiwekea kanuni kali ya maadili ambayo haikuachwa kabisa hadi mwaka 2011. Wertham hakuwa mtu mbaya. Alifungua kliniki Harlem kwa watu ambao hospitali nyingi hazikuwajali, na ushahidi wake ulisaidia katika vita vya kuvunja ubaguzi mashuleni. Ila majalada yake yalipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010 kwenye Maktaba ya Bunge ya Marekani, profesa wa ukutubi Carol Tilley alikaa akayasoma, na mwaka 2012 akachapisha alichokikuta: maneno ya watoto yamebadilishwa, umri umegeuzwa, maelezo ya mtoto mmoja yamegawanywa kana kwamba ni ya watoto kadhaa. Ushahidi uliowatisha wazazi wa nchi nzima ulikuwa umepikwa. Na aliyegundua ni mtu wa maktaba, ndani ya maktaba, kwa sababu kuna aliyetunza karatasi.

Sisi hatukuwa watunzaji wazuri wa upande wa pili wa karatasi hizo. Katika karne iliyopita maktaba kubwa zilihamishia magazeti ya zamani kwenye filamu ndogo, yaani picha za kurasa zilizopunguzwa ukubwa, na kutupa nakala halisi. Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Kurasa za katuni za Jumapili zilikuwa za rangi, nyingine zikijaza ukurasa mzima wa gazeti, na ndizo zilizokuwa zikienda jalalani. Bill Blackbeard, mpenzi wa katuni wa San Francisco, alitaka kuyaokoa magazeti hayo akaambiwa kwamba maktaba haziwezi kumpa mtu binafsi mali ya umma. Mwaka 1968 akasajili taasisi isiyo ya faida, nyumba yake ikawa ndiyo taasisi, na akaanza kupokea. Aliendelea kwa miaka thelathini hivi, magazeti yakijaza vyumba na gereji. Mkusanyiko wake ulipohamia Chuo Kikuu cha Ohio State mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa na uzito wa tani 75 hivi na ulihitaji malori sita. Leo ni sehemu ya Billy Ireland Cartoon Library & Museum, na watafiti hupanga safari kwenda kuona kile ambacho maktaba nyingine zililipia kitupwe.

Kila mahali kuna kurasa zinazokwenda njia hiyo sasa hivi. Magazeti yenye vibonzo vya kila wiki, vijarida vya hadithi za picha vilivyouzwa mikononi vikafa, vitabu vidogo ambavyo wachoraji chipukizi huvitoa fotokopi nakala hamsini. Hivi havimo kwenye katalogi ya mchapishaji yeyote, mnunuzi wenu hawezi kuviagiza. Lazima mtu atoke akavitafute, avipe namba, aviingize kwenye orodha. Mkusanyiko wa katuni za kigeni unaweza kununuliwa tena ukipotea. Huu hauwezi.

Na hapa ndipo neno jamii, linalopendwa sana kwenye mipango mikakati, linapopata kazi ya kufanya. Karatasi moja ikikunjwa mara tatu na kukatwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane. Warsha ya Jumamosi moja inaweza kuzalisha vijitabu ishirini, na maktaba inayovipokea, ikavipiga muhuri na kuviazimisha kama vitabu vingine, imemwambia kila aliyechora jambo ambalo hotuba haiwezi kumwambia. Serieteket, maktaba ya katuni ya Stockholm, huandaa tamasha la katuni ambako wachoraji huuza kazi zao wenyewe. Kyoto iligeuza majengo ya shule ya msingi iliyofungwa kuwa jumba la manga mwaka 2006. Vitu vilivyohifadhiwa humo ni takriban 300,000, na watu huchukua vitabu kwenye rafu za ukutani wakaenda kuvisoma wamelala kwenye nyasi. Marguerite Abouet, aliyeandika katuni ya Aya de Yopougon, alianzisha chama kinachofungua maktaba ndogo za mitaa mjini Abidjan. Hao wote walianza na imani kwamba msomaji wa katuni ni msomaji aliyekwisha kufika.

Msiwasahau watu wazima. Mtu aliyegunduliwa ugonjwa wiki iliyopita hana nguvu ya kusoma kitabu cha kurasa mia tatu, ila anaweza kusoma kurasa arobaini zilizochorwa na mgonjwa mwenzake. Daktari Ian Williams wa Uingereza aliipa fani hiyo ya katuni za tiba jina la “graphic medicine” mwaka 2007, na mwaka 2018 maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ikaifanyia maonyesho. Mgeni anayejifunza lugha hushikwa mkono na mchoro pale sentensi inapomwacha. Kwa wasioona, nakiri, katuni ni mlango mgumu. Hata hivyo mwaka 2013 mbunifu Philipp Meyer, akishirikiana na Nota, maktaba ya Denmark ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, alitengeneza katuni ya kugusa kwa vidole, ambamo wahusika ni duara na maisha yao yote yanasomeka kwa mguso. Jaribio dogo, na lilifanywa na maktaba.

Mtaniuliza, je, hakuna katuni mbovu? Zipo, tele. Hadithi zilizokaririwa, michoro ya haraka haraka, chuki dhidi ya wanawake iliyovikwa nguo za kishujaa. Riwaya mbovu nazo zipo tele, na hatukuacha kununua riwaya kwa sababu hiyo. Tuliajiri watu wanaozisoma. Hilo ndilo ombi langu la kwanza, na ukubwa wake msiudharau: mteueni mkutubi mmoja, mumpe saa za kazi, zilizoandikwa kwenye ratiba, za kusoma katuni na kuzichagua. Kazi hiyo asipewe kijana wa kujitolea kwa sababu tu ni kijana.

La pili, katuni ziingizwe kwa jina kwenye sera ya uchaguzi, kila rafu ya umri na vigezo vyake. La tatu, pawe na utaratibu wa malalamiko wenye hatua zinazojulikana: fomu inayouliza kama mlalamikaji amesoma kitabu chote, kamati ambayo nayo itakisoma chote, siku maalumu ya kutoa jibu kwa maandishi, na kitabu kibaki rafuni muda wote huo. Anayelalamika ahudumiwe kwa adabu na asikilizwe, maana mara nyingine atakuwa ameona rafu iliyokosewa, na mtahamisha kitabu rafu mkamshukuru. La nne ni fungu la kukamilisha mifululizo na kubadilisha juzuu zilizochakaa, likiwa mstari wake wenyewe kwenye bajeti, ili lisiwe la kwanza kukatwa kila robo mwaka.

Na kwenye fomu ya maombi ya fedha, pale penye swali la madhumuni ya ununuzi, naomba safari hii ile sentensi ya kuwavutia vijana ili wahamie kwenye vitabu vyenyewe ifutwe. Andikeni mnachoandika mnaponunua historia au ushairi. Kama mnadhani wenye fedha watakataa, niiteni kwenye kikao, nitakuja na juzuu kadhaa mkononi, na nitawaomba wasome kurasa kumi pale pale, polepole, pamoja na michoro.

Wenu katika utumishi,

Mkutubi wa dawati la uazimishaji